Mlio wa Komeo

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa na miezi minane kwenye ndoa, tumepanga Tabata, nyumba ya wapangaji watatu yenye geti la chuma ambalo komeo lake likivutwa husikika hadi jikoni. Jioni moja tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari. Komeo likalia, jirani akaingia na pikipiki yake, na mke wangu akanigeukia.

"Mbona unaizima kila mara?"

"Naizima nini?"

Hakunijibu. Alitazama televisheni, nami nikatazama. Kioo kilikuwa cheusi. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu na kidole gumba kilikuwa bado juu ya kitufe.

Nilicheka. Nikasema labda nimebonyeza kwa bahati mbaya. Yeye ni mhasibu na hapendi ubishi usio na hesabu, kwa hiyo kwa wiki nzima aliweka alama nyuma ya bahasha iliyokuwa juu ya meza. Ijumaa akanionyesha. Komeo lililia mara 14 tukiwa sebuleni pamoja. Mara 11 nilizima televisheni. Mara 2 nilipunguza sauti. Mara moja tu sikufanya kitu, na siku hiyo, alisema, rimoti ilikuwa imeanguka chini ya kochi na mkono wangu ulikuwa unapapasa mito.

Nilijua palepale ni nini. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko kitendo chenyewe.

Nimekulia Tanga. Baba alikuwa karani bandarini, mtu nadhifu aliyejinyooshea mashati yake mwenyewe. Mwaka 1998, nikiwa darasa la tatu, alinunua televisheni, na watoto wa mtaa wakajaa dirishani kuitazama. Sisi tuliruhusiwa kuiangalia akiwapo. Asipokuwapo tuliiangalia kwa wizi, mimi, kaka yangu na dada yetu mdogo, mmoja wetu akiwa ametega sikio upande wa geti. Komeo likilia, tulikuwa na muda wa hatua zake 12 kutoka getini hadi barazani. Ndani ya muda huo televisheni ilizimwa, kitambaa cha kufuma kikarudishwa juu yake, na sisi tukawa tumeinamia madaftari.

Kama angetupiga kila siku, nadhani tungezoea. Lakini Baba hakuwa hivyo. Siku nyingine aliingia, akaweka kiganja nyuma ya televisheni, akaikuta ya moto, akacheka na kusema, "Haya, washeni basi." Siku nyingine aliweka kiganja palepale, akauliza kwa sauti ya chini, "Umeme unalipa wewe?" na kuanza kufungua mkanda. Hatukuwahi kujua leo ni siku ipi. Kwa hiyo nilijifunza kulisoma komeo: limevutwa polepole au kwa nguvu, limegonga mara moja au mara mbili. Nilikuwa hodari. Kaka yangu alikuwa akiniuliza kwa macho, nami nikimjibu kwa macho.

Sasa, kama ningekuwa nimeyasahau haya, kila kitu kingeelezeka kirahisi. Sikuwa nimesahau. Nimeyasimulia mara nyingi vijiweni, watu wakicheka, kila mmoja akileta mkanda wa baba yake. Kumbukumbu yote ilikuwa juu, mchana kweupe. Nilichokuwa sikijui ni mkono wangu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Chuoni tulisoma saikolojia ya elimu, na Sigmund Freud alipewa wiki moja, katikati ya Piaget na mtihani. Nilichobaki nacho ni kile wanachobaki nacho wengi: kwamba akili ni kama jiwe kubwa la barafu baharini, sehemu ndogo juu, sehemu kubwa chini. Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana hapa. Tukisema mtu hana fahamu, tunamaanisha amezimia. Freud alikuwa anazungumzia mtu aliye macho kabisa, anayekunywa chai na kulipa nauli, ambaye ndani yake kuna kitu kinachotaka na kuogopa bila kumpa taarifa. Nitakiita akili fiche.

Baada ya ile bahasha nilirudi kumsoma. Niligundua kwamba si yeye aliyevumbua wazo hilo. Eduard von Hartmann, Mjerumani, alichapisha kitabu kizima cha falsafa kuhusu akili fiche mwaka 1869, Freud akiwa mtoto wa miaka 13. Alichofanya Freud ni kulipeleka wazo kwenye chumba cha mgonjwa. Huko Vienna, kwenye nyumba namba 19 ya mtaa wa Berggasse alikoishi kuanzia mwaka 1891, walikuja watu waliopooza mkono bila mshipa kuharibika, waliokohoa bila ugonjwa wa kifua. Swali lake lilikuwa la daktari: huyu anaumwa nini? Na jibu lake lilikuwa kwamba kuna jambo ambalo mtu hakuweza kulivumilia, akalisukuma chini, nalo likatafuta njia nyingine ya kutokea.

Freud alipenda vitu vya kale. Alikusanya zaidi ya vipande 2,000, sanamu za Misri, Ugiriki na Roma, vikajaa mezani na kwenye makabati ya chumba alichotibia. Mara moja alimwonyesha mgonjwa vitu hivyo ili kumweleza tiba yake inavyofanya kazi. Alimwambia kwamba kuzikwa ndiko kulikovihifadhi. Pompeii, mji ule uliofunikwa na majivu ya volkano, ulianza kuharibika siku ulipofukuliwa. Vivyo hivyo kwa kilichozikwa akilini: kikiwa chini hakichakai, kikitolewa kwenye hewa kinaanza kumong'onyoka.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Changu hakikuwahi kuzikwa. Kimekaa juani zaidi ya miaka 20, kimepigwa na upepo wa vijiwe vyote, na bado hakijachakaa hata pembe.

Nilikwenda kwa mshauri nasaha, mama mmoja mtulivu, mara sita. Nilimweleza Baba wote: mkanda, kicheko, kiganja nyuma ya televisheni. Nililia siku ya tatu, na lilikuwa jambo jema. Siku ya sita aliniuliza kama mkono bado unakwenda kwenye rimoti. Nikasema ndiyo. Akatabasamu, akasema kujua na kuacha ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Nilimlipa, nikamshukuru, nikaacha kwenda. Nilijiambia kwamba nimeshaelewa, na kwamba tabia ya kuzima televisheni haijawahi kumuua mtu.

Lazima nimtendee Freud haki. Mwaka 1914 aliandika insha kuhusu jambo hilihili. Alisema mgonjwa anaweza asikumbuke kitu, badala yake akakitenda. Hasemi kwamba alikuwa mkaidi kwa wazazi wake. Anamfanyia ukaidi daktari. Na akasema kumweleza mgonjwa tatizo lake hakutoshi, kwamba kuna kazi ndefu ya kulirudia na kulifinyanga mpaka lilegee. Sikuisoma insha hiyo wakati ule. Niliisoma nikiwa nimechelewa.

Nasra alizaliwa, akakua, akafikisha miaka minne. Sijawahi kumpiga. Niliapa hilo kabla hajazaliwa na nimelitimiza, na nilikuwa najivunia kimyakimya kama mtu aliyeacha sigara. Baba alikuwa ameshafariki, mwaka 2015, na niliamini ule mkanda umezikwa naye.

Jumatano moja nilirudi mapema kutoka shuleni. Nikiwa nje ya geti nilisikia katuni kutoka sebuleni kwetu, zile sauti nyembamba za wanyama wanaokimbizana, na kicheko cha Nasra juu yake. Nilisimama kidogo kufurahia. Kisha nikavuta komeo.

Katuni zikanyamaza.

Nilihesabu hatua zangu hadi mlangoni bila kukusudia. Nilipoingia, Nasra alikuwa amekaa kwenye mkeka na kitabu cha picha magotini, rimoti imewekwa juu ya televisheni, mahali pake. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa jikoni. "Shikamoo, Baba," alisema Nasra, na hakuwa na hofu usoni. Nilimwuliza kwa nini amezima. Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni.

"Geti limelia," alisema.

Usiku ule mke wangu alikaa muda mrefu bila kusema. Halafu akasema, "Baba Nasra, huyu hajakuogopa. Amekuiga." Alikusudia kunifariji. Mimi niliona afadhali angeniogopa. Ningejua pa kuanzia.

Wakati huo nilikuwa na kitabu nilichonunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, kitabu cha falsafa ya Kibudha ambacho nilikichukua kwa sababu kilikuwa rahisi na jalada lake zuri. Mimi ni Mwislamu na sikuwa natafuta dini nyingine. Nilikuwa natafuta usingizi. Nilikifungua katikati, na katikati palikuwa na ndugu wawili, Asanga na Vasubandhu, ambao mapokeo yanasema walitoka Purushapura, mji ambao leo ni Peshawar, Pakistan, katika karne ya 4 na ya 5.

Swali lao halikuwa la daktari. Wabudha wanafundisha kwamba hakuna kitu kinachodumu hata kwa dakika mbili. Akili yenyewe ni mfululizo wa matukio yanayozuka na kutoweka. Wanafundisha pia kwamba tendo huzaa matunda, pengine baada ya muda mrefu sana. Sasa mambo haya mawili yanagombana. Kama akili iliyotenda imeshatoweka, tunda linatoka wapi? Na mtu aliyelala usingizi mzito, au aliyezama kwenye tafakuri hadi mawazo yote yakakatika, akiamka anaamkaje akiwa yuleyule, na hasira zake zilezile?

Jibu lao, na la shule yao inayoitwa Yogachara, lilikuwa kwamba chini ya fahamu tunazozijua, za macho, masikio, pua, ulimi, mwili na fikra, kuna mkondo mwingine. Waliuita alaya, yaani makao au ghala. Ni neno lilelile lililomo katika Himalaya, makao ya theluji. Katika ghala hilo kila tendo, neno na nia huacha mbegu. Mbegu ikikutana na mvua yake huota, inakuwa tendo, na tendo lile nalo hupanda mbegu mpya. Ghala halichagui mbegu nzuri na kukataa mbaya. Halifichi kitu kwa aibu. Linapokea tu, na halisimami. Vasubandhu alilifananisha na maji ya mto yaendayo kasi.

Juu ya ghala hilo waliweka fahamu nyingine, ya saba, ambayo kazi yake ni kulitazama ghala na kusema: huyu ndiye mimi. Hapo, walisema, ndipo tunapokosea. Tunaona maji yanapita tunayaita mtu.

Nilisoma hadi saa nane usiku. Palipoonekana mfanano na Freud niliweka alama, na alama zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia. Wote wawili wanasema hatujijui. Baada ya hapo wanaachana. Kwa Freud, kilicho chini kimewekwa chini kwa sababu hakivumiliki, na kinang'ang'ania kupanda. Kwa hawa ndugu, kilicho chini kipo chini kwa sababu ndivyo mbegu zinavyokaa. Freud ana sururu, anatafuta kitu kilichotokea zamani. Wao wana jembe, na wanakuuliza leo umepanda nini.

Kilichonishika zaidi ni neno jingine, vasana. Ni neno lao la alama ambazo matendo huacha akilini, na asili yake ni harufu, kutia kitu manukato. Asanga alitoa mfano wa ufuta uliolazwa pamoja na maua. Maua hunyauka, hutupwa, lakini ufuta umeshashika harufu, na ukikamuliwa, mafuta yake hunukia maua ambayo hayapo tena.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mfano huu mara mbili. Mama alikuwa akifukiza nguo zetu udi kila mkesha wa Idi. Anaweka chetezo chini, anafunika kwa tenga la ukili, anatandaza kanzu juu yake. Udi unaungua hadi unakuwa majivu, majivu yanamwagwa, na kanzu inakaa kabatini ikinukia hadi Idi nyingine. Na si kanzu tu. Ukiikunja kanzu ile pamoja na shuka ambayo haikufukizwa, baada ya wiki mbili shuka nayo inanukia.

Nasra hakuwahi kumwona babu yake. Hajui mkanda. Mimi ndiye niliyemkunjia kanzu.

Mafundisho yenyewe yangenisahihisha hapa: mkondo wa kila kiumbe ni wake, na mbegu zangu haziwezi kumwagika kwenye ghala la mtu mwingine. Nasra alipanda yake, kwa kuona na kutenda, kila jioni kwenye kochi pembeni yangu. Nakubali. Lakini maua aliyolazwa nayo yalikuwa ni mimi.

Dar es Salaam, eneo la Upanga, kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka kisiwa ambacho leo tunakiita Sri Lanka, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nilikuwa nimepita nje yake mara nyingi. Jumamosi moja niliingia. Sikwenda kuabudu, nilitaka tu kukaa mahali ambapo maneno niliyokuwa nayasoma si mageni. Uani kuna mti wa Bodhi, wa jamii ya mkuyu, wenye majani ya umbo la moyo yanayomalizikia kwenye ncha ndefu. Majani hayo yanatikisika hata pasipo upepo wa kuhisika. Nilikaa kivulini na kitabu changu.

Mapokeo ya Sri Lanka si ya Asanga. Wao hawana ghala. Wana kitu wanachokiita bhavanga, hali ya akili inapokuwa haishughuliki na chochote, kama katika usingizi usio na ndoto, ambayo huunganisha tukio moja la fahamu na jingine. Buddhaghosa, mwanazuoni aliyefanya kazi Anuradhapura katika karne ya 5, anahusishwa na fafanuzi zinazoeleza jambo hili kwa mfano wa mtu aliyelala chini ya mwembe, amejifunika kichwa. Embe linaanguka karibu na sikio lake. Anashtuka, anajifunua, anatazama, analiokota, analinusa, analila, analimeza, anarudi kulala. Mapokeo hayo yanahesabu katika safari hiyo nyakati 17 za akili, zote zikipita kabla hujapepesa jicho. Na katika hizo 17, ni 7 tu, zile za kula embe, ndizo zinazohesabika kuwa tendo lako. Embe kuanguka si tendo lako. Kushtuka si tendo lako. Hata kuona kwamba ni embe si tendo lako.

Nililitafsiri hilo kwa lugha ya sebuleni kwangu. Komeo kulia si kosa langu. Moyo kuruka si kosa langu. Mtoto wa darasa la tatu aliufundisha moyo ule kwa sababu nzuri kabisa. Kitufe ni changu.

Sitaki kudanganya kwamba nilitoka pale nimepata mwalimu mpya. Kuna mahali nilikwama na bado nimekwama. Wabudha wanasema ghala halina mwanzo. Nyuma ya kila mbegu kuna tendo, na nyuma ya tendo kuna mbegu, hadi maisha yaliyopita. Ukilifuata wazo hilo hadi mwisho, mtoto anayepigwa anavuna alichopanda mahali fulani asipopakumbuka. Hilo nimelikataa na ninalikataa. Freud, pamoja na makosa yake yote, alinipa ruhusa ya kusema sentensi moja ambayo hakuna aliyewahi kunipa: nilikuwa mtoto, na nilitendewa. Siirudishi sentensi hiyo. Lakini nimegundua kwamba inaishia pale nilipokuwa mtoto. Kwa mtu mzima aliyeshika rimoti, haina la kusema.

Kuna habari nyingine niliyoipata katika kusoma kwangu, na hii ni ya huku kwetu. Carl Jung, aliyekuwa mwanafunzi mpendwa wa Freud kabla ya kuachana naye mwaka 1913, alisafiri Afrika Mashariki mwaka 1925. Alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akafika Mlima Elgon. Alitaka kusikia ndoto za watu, kwa sababu aliamini akili fiche ina tabaka ambalo binadamu wote wanashiriki. Aliwauliza kwa Kiswahili, akisaidiwa na kamusi ndogo. Aliwapa sigara na viberiti wamsimulie ndoto. Wakamwambia hawana.

Mwishoni mzee mmoja, laibon, mganga na mwonaji wa watu wake, alimweleza huku machozi yakimlengalenga. Zamani, alisema, laibon walikuwa wakiota, wakajua kama vita inakuja, kama kuna maradhi, mvua itanyesha lini. Tangu wazungu waje, hakuna anayeota tena. Hakuna haja ya ndoto. Mwingereza anajua kila kitu.

Jung aliona hapo mzee aliyenyang'anywa mazungumzo yake na Mungu. Huenda. Mimi nilipoisoma, nilisikia komeo. Bwana amefika, na televisheni ya ndani imezimwa. Sijui kama mzee yule kweli aliacha kuota au alijifunza tu kutoota mbele ya wageni wenye kofia za jua, na huenda yeye mwenyewe hakuwa anajua tofauti. Ila nilielewa kwamba ukimya kama ule si kitu kilichokosekana. Ni kitu kilichofanywa, kwa ustadi, na mtu anayesikiliza hatua.

Nilimpigia simu shangazi yangu Korogwe. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za magoti yake, nikamwuliza kama Baba alipokuwa mtoto alikuwa mwoga.

"Mwoga wa nini?"

"Sijui, Shangazi. Wa babu."

Akacheka. Babu alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge, na nyumbani alirudi na unyapara wake. "Sisi tulikuwa tukisikia mnyororo wa baiskeli yake, tunapuliza koroboi," alisema. "Tunakaa gizani kama kuku. Kwa sababu atauliza, mafuta ya taa mnanunua ninyi?" Akacheka tena. "Na baba yako ndiye aliyekuwa akipuliza. Alikuwa na sikio huyo! Anasikia baiskeli ikiwa bado barabarani."

Nilimwuliza kama anajua babu yake Baba alikuwaje. Alisema hapana, huyo hakumkuta.

Nimekaa na simu ile muda mrefu. Kwa miaka yote nilikuwa na picha ya mtoto mmoja mwenye sikio kali na mtu mzima mmoja mwenye mkanda. Sasa nina mtoto mwingine nyuma yake, anapuliza koroboi, ambaye baadaye atanyoosha mashati yake mwenyewe, ataweka kiganja nyuma ya televisheni na kuuliza swali aliloulizwa. Simsamehi kirahisi kwa sababu hiyo. Lakini siwezi tena kusema kwamba lilianza kwake. Ukichimba unakuta shimo jingine, na chini yake jingine, na mtoto wako yuko juu anakusubiri upande.

Kwa hiyo nimeanza kupiga hodi nyumbani kwangu.

Ni jambo dogo, na mwanzoni wapangaji wenzangu walidhani nimepoteza ufunguo. Kabla ya kugusa komeo nasimama nje na kuita, "Hodi!" Nasra anajibu kutoka ndani, "Karibu!" Nasubiri hadi nisikie karibu yake. Halafu ndipo navuta komeo, polepole, na nikiingia naenda moja kwa moja kukaa naye tuangalie anachoangalia, hata kama ni wale wanyama wanaokimbizana. Sijamweleza sababu. Ana miaka minne, na maelezo nimeona yanafika wapi.

Upande wangu kazi ni ngumu zaidi. Jirani akiingia na pikipiki, mkono bado unakwenda. Mke wangu bado anahesabu, ingawa bahasha imekuwa daftari. Kuna siku naukuta mkono tayari umeshabonyeza. Kuna siku naukuta njiani, nauangalia, nauacha juu ya goti langu kama mgeni aliyechoka, na moyo unaendelea kuruka, na televisheni inaendelea kusema. Siku hizo zinachosha kuliko kufundisha vipindi sita. Mwezi uliopita zilikuwa 9.

Juzi nilichelewa, mvua ilikuwa inanyesha, na nilisahau kupiga hodi. Nilivuta komeo tu na kuingia. Nikakumbuka nikiwa katikati ya uwanja, nikasimama kwenye mvua.

Katuni zilikuwa zimenyamaza. Nilihesabu moja, mbili. Kisha zikaanza tena, na Nasra akaita kutoka ndani, akiwa na hasira kidogo, "Baba, hujasema hodi!"

Nikarudi nje ya geti, nikaita.